Yatima wa Siku ya Wageni

Usumani hakusimama mpelelezi Annah Kamikazi alipoingia mahabusu. Alibaki vilevile sakafuni, mgongo ukutani na magoti yamekunjwa, kama fundi aliyezoea kukaa na nguo mapajani. Annah akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele yake. Mlangoni alisimama msaidizi wake, Mugenzi, mpelelezi kijana mwenye kupenda utani hata mahali pasipo na mtu wa kucheka naye.

"Habari ya asubuhi, Baba Iradukunda."

"Habari gani?" Usumani akasema. "Mtoto wangu iko wapi?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza."

"Muliniuliza juzi. Muliniuliza jana. Leo mimi ndiye nauliza. Mtoto iko wapi?"

Annah alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, ambako wazazi wake walikimbilia, na Kiswahili alikijua kabla hajajua kufunga viatu. Ndiyo maana kesi za Biryogo zilimwangukia yeye. Biryogo ni mtaa wa misikiti, cherehani na mishikaki iitwayo brosheti, na watu wake hata wakishinda wanaongea Kinyarwanda, hasira zao huzitoa kwa Kiswahili. Usumani alikuwa fundi pale tangu ujana. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Iradukunda, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, na binti huyo alisoma bure katika Shule za Akabando, shirika la hisani lililojenga shule kwenye vilima vingi vya Kigali kwa ajili ya watoto wa maskini. Siku ambayo wafadhili walitembelea shule ya Kagugu, basi la shule liliwarudisha watoto wote wa Biryogo jioni. Iradukunda hakuwemo.

Mlinzi wa geti aliandikisha kwamba alimwona Usumani akija mwenyewe kumchukua binti yake, akimvuta mkono. Wapelelezi wakaenda kupekua kibanda chake cha cherehani, na chini ya meza wakakuta gauni la shule limechanwa. Kwa ushahidi wa namna hiyo, Annah alitia saini baba wa watu akafungwa.

Sasa akalitoa lile gauni kwenye bahasha ya karatasi, akalitandaza. Lilikuwa la kijani, la kimo cha mtoto wa miaka tisa. Bega lilikuwa limeraruka, na pindo lilikuwa na madoa mekundu.

"Nieleze hili."

"Nilishaeleza. Ile ni udongo. Udongo na majani ya chai, nachemsha pamoja."

"Kwa nini upake udongo nguo ya mtoto?"

Usumani akamtazama Mugenzi, kisha Annah, kama mtu anayepima aibu ya kusema na aibu ya kunyamaza. "Kwa sababu ndiyo kazi yangu na shule. Nguo nashona mpya. Ikishakwisha, wananiambia: fundi, chana hapa, weka kiraka huku, paka udongo. Mara ya kwanza nilifikiri wananitania. Fundi gani anashona halafu anaharibu?"

"Nani alikwambia?"

"Madamu Lillian mwenyewe. Anasema wageni wanatoka mbali kuona watoto maskini, hawakuja kuona maharusi."

Mugenzi akacheka. "Afande, hii ni mpya. Nimeshaona mtu anajitetea kwa kusema hakuwepo. Sijaona anayejitetea kwa kusema yeye ni fundi mbaya."

Annah hakucheka. Si kwamba alimwamini Usumani. Ni kwamba uongo mwingi aliousikia katika kazi hii ulikuwa na akili zaidi kuliko huu. Mtu akitaka kudanganya hutafuta jambo linaloingia akilini.

"Siku ile alivaa nini?"

"Gauni ya kiraka kama hii. Na viatu vyeusi, vya mkanda. Kile cha kushoto bizimu ilikatika, nikamshonea kifungo cha koti langu, rangi ya maziwa. Aliona haya. Nikamwambia, mwanangu, nani anaangalia miguu ya mtoto?" Akajifuta uso kwa mkono wa shati bila kujificha. "Afande, munifunge hata miaka kumi, siko na neno. Lakini mutafute mtoto. Mukiwa munanikalia mimi hapa, nani anamtafuta yeye?"

Swali hilo lilimchoma Annah, kwa sababu jibu lake lilikuwa: hakuna mtu. Alisimama, akamwambia Mugenzi abaki pale asibanduke, akachukua funguo za gari.

*

Shule ya Akabando ya Kagugu ilikuwa juu ya mteremko, katikati ya nyumba mpya ambazo rangi zilikuwa bado zinanuka. Mlinzi, mzee Libère, alimfungulia geti bila kumtazama machoni. Uwanjani paliwekwa viti chini ya hema, na mbele ya hema watoto walipangwa mistari. Wageni wengine walikuwa wanatarajiwa siku hiyo.

Madamu Lillian, mkurugenzi wa shule zote za Akabando, alimpokea ofisini kwa kumkumbatia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza, na Kinyarwanda chake kilikuwa bado na lafudhi ya Kampala. Watu waliolelewa ukimbizini hutambuana upesi, na wakati mwingine hudanganyana upesi vilevile.

"Dada Annah, tunasali kila asubuhi kwa ajili ya mtoto yule," alisema. "Karibu chai."

"Asante, nimeshakunywa. Niambie kuhusu baba yake."

"Nikuambie nini? Mtu wa hasira. Tulimshauri mara ngapi! Mtoto anaendelea vizuri, yeye anakuja hapa kupiga kelele mbele ya watoto. Hawa wazazi wetu, unawasaidia, kesho wanakugeuka." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Atafikishwa mahakamani lini?"

"Mtoto hajapatikana bado."

"Ndiyo, ndiyo. Nauliza tu, ili roho zetu zitulie."

Annah akasogea dirishani. Nje watoto walikuwa wanafanyishwa mazoezi ya wimbo, vichwa vimenyolewa vyote kama ilivyo desturi ya shule, magauni na kaptula zimejaa viraka. Na wote, kuanzia wa mbele hadi wa mwisho, walikuwa pekupeku.

Kigali si mji wa kutembea pekupeku. Hata muuza karanga wa Kimironko ana kandambili zake, na mtoto akionekana njiani bila viatu kila mtu mzima atamuuliza wa kwake wako wapi. Annah akatazama ile miguu kwa makini zaidi. Uwanja ulimwagiwa kokoto, na watoto walipoambiwa wasogee mbele walisogea kwa kuchechemea, wakinyanyua vidole, wengine wakishikana mabega wasianguke. Mtoto aliyezoea kutembea pekupeku haogopi kokoto. Kwenye vifundo vya miguu ya walio karibu na dirisha palikuwa bado na alama za soksi.

"Viatu vyao viko wapi?"

Lillian akatabasamu. "Viatu? Dada yangu, hawa ni watoto wa maskini."

Annah naye akatabasamu. Akaomba aelekezwe choo.

Choo kilikuwa nyuma ya jiko, na kando ya choo palikuwa na stoo yenye komeo tu. Annah akalivuta. Ndani mlikuwa na viatu, jozi kwa jozi, vimepangwa kwenye rafu za mbao kwa madarasa, soksi zimesokomezwa ndani yake. Vilikuwa vya kila aina: vya mtumba, vya plastiki, vya ngozi, vingine vimeng'arishwa na mama zao asubuhi hiyohiyo. Annah alisimama pale kwa hasira. Mzazi wa Biryogo anajinyima amnunulie mtoto viatu, na shule inavivua ili mgeni apate kitu cha kulilia.

Akaanza kutafuta. Hakutafuta sana. Jozi moja ilikuwa sakafuni, imesukumwa pembeni nyuma ya mlango, na ilikuwa na vumbi la siku kadhaa. Vilikuwa vyeusi, vya mkanda. Cha kushoto kilikuwa na kifungo cha rangi ya maziwa mahali pa bizimu, kimeshonwa kwa uzi mnene, mshono wa mtu anayejua kazi.

Annah akavipiga picha pale vilipo, kisha akaviingiza kwenye bahasha bila kuvigusa kwa vidole.

*

"Mzee Libère, nirudie kidogo tu ulichoandikisha."

Mlinzi alikuwa ndani ya kibanda chake, redio imezimwa. Alikuwa amefanya kazi Bukavu karibu nusu ya maisha yake, na Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa cha huko.

"Nilishasema yote, afande."

"Ulimwona Usumani akimchukua binti yake."

"Nilimuona. Alimushika mukono, bakashuka na barabara ile."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Alikuwa analia kidogo."

"Alivaa nini?"

"Robe ya shule."

"Na miguuni?"

"Viatu."

"Viatu gani?"

"Vya nyeusi. Kile kimoja iko na kifungo. Mutoto ule ninamujua vizuri, kila asubuhi ananisalimia."

Annah akafungua bahasha, akamwonyesha kilichomo. Uwanjani wimbo ulikuwa umeanza upya, na mwalimu alikuwa anapiga makofi kuwaongoza.

"Hivi nimevikuta stoo, vina vumbi," Annah akasema. "Sasa nieleze, mzee. Mtoto aliwezaje kushuka barabara ile amevaa viatu ambavyo havijatoka humu shuleni?"

Libère akaviangalia viatu, kisha akaangalia dirisha la ofisi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Niko na batoto bane," akasema polepole. "Babili banasoma hapa, bure. Madamu aliniambia, Libère, ukisema ingine, rudi nao nyumbani."

"Nami nakuambia kuna mtu yuko mahabusu kwa neno lako, na kuna mtoto hajulikani aliko. Sema."

"Ule mama muzungu, mufadhili, ndiye alimubeba. Yeye mwenyewe, na mikono yake." Sasa maneno yalimtoka mfululizo, kama mtu aliyekuwa akiyasubiri yaombwe. "Siku ya bageni batoto banafundishwa kusema. Kila mumoja anasimama, anasema jina, anasema baba alikufa, mama alikufa. Hata wenye baba na mama. Iradukunda alisimama akasema, halafu akaanza kulia ya kweli. Hakunyamaza. Mama ule naye akalia. Akasema, mutoto huyu hana mutu, hana hata viatu. Akamubeba mupaka kwenye gari."

"Lillian alisema nini?"

"Kwanza alisema hapana. Alisema kuna taratibu. Mama akasema anamutaka huyu awe wake, na kama akimupata atajenga lycée ya Akabando, sekondari kubwa, kwenye kilima kile cha ng'ambo." Libère akachungulia tena dirisha la ofisi. "Madamu akanyamaza. Halafu akasema, sawa, alale kwetu kwanza, makaratasi tutayatengeneza. Jioni Usumani akapiga simu kuuliza mutoto. Njo saa ile Madamu akaniita."

Annah aliegemea mlango wa kibanda. Mambo yalikuwa yanajipanga yenyewe kichwani, na hakuyapenda. Mfadhili alionyeshwa yatima, akampenda yatima, akataka apewe yatima. Shirika lisingeweza kusema huyu ana baba, kwa sababu likishasema hivyo kwa mmoja, mfadhili atauliza wa pili, na wa tatu, na mistari yote ile ya watoto pekupeku ingegeuka kuwa kichekesho. Lakini hakuna mahakama inayompa mtu mtoto mwenye baba hai anayemdai. Kwa hiyo baba ilibidi aondolewe njiani. Na aliyemwondoa hakuwa Lillian. Alikuwa Annah, kwa kalamu yake mwenyewe, na siku ile aliondoka kazini akijisifu kwamba kesi imekwenda haraka.

Ila kulikuwa na kitu hakikukaa sawa. Baba aliyefungwa bado ni baba. Anaweza kupata wakili, anaweza kuachiwa, anaweza kusema mbele ya hakimu. Lillian hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Kwa nini basi alikuwa ametulia vile, anakaribisha watu chai?

"Wamempeleka wapi?"

"Nyumba ya bageni ya shirika. Kimironko, nyuma ya soko. Geti ya kijani. Régis, shoferi, ndiye anaendaka kule kila siku."

Annah akachukua simu ya Libère, akaizima, akaitia mfukoni. Akawapigia askari wa doria waliokuwa karibu waje wakae getini, Madamu asitoke na asiguse simu. Kisha akaingia garini.

*

Aliyefungua geti la kijani alikuwa Shallon, msichana wa kazi, aliyefuta mikono kwenye kitenge na kurudi nyuma alipoona kitambulisho. Nyumba ilikuwa kubwa na kimya. Kelele za soko la Kimironko zilifika pale kwa mbali tu.

Mfadhili alikuwa barazani, bibi mwenye nywele nyeupe na macho mema, amevaa shanga za wauza kumbukumbu kwa watalii. Kwa bahati mbaya alikuwa mtu mzuri. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alidhani Annah ni wa ustawi wa jamii, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kifaransa jinsi alivyosubiri.

"Mkurugenzi alipita asubuhi," alisema. "Kaniambia kizuizi cha mwisho kimeondoka leo. Sijui ni nini, mambo ya ofisi. Mtoto atakuwa huru."

"Kizuizi cha mwisho," Annah akarudia. "Alisema leo?"

"Leo, ndiyo. Kaja mapema mno, tulikuwa mezani."

Iradukunda alikuwa kwenye mkeka upande wa pili wa baraza, na kalamu za rangi mbele yake ambazo hakuzigusa. Walimvalisha gauni la waridi na viatu vyeupe vipya vilivyokuwa bado vigumu. Annah akaketi mkekani. Mtoto alikuwa hai. Alikuwa hana hata mkwaruzo.

"Iradukunda. Mimi naitwa Annah. Natoka Biryogo."

Msichana alimtazama kwanza yule bibi. Kisha akasimama wima, akaweka mikono nyuma, akasema kwa sauti ya juu isiyo na mtu ndani yake: "Naitwa Iradukunda. Niko na miaka tisa. Baba alikufa. Mama alikufa. Ninyi ndiyo baba na mama yangu."

"Kaa, mama. Hiyo ni ya wageni. Mimi si mgeni, mimi ni wa hapahapa."

Iradukunda hakukaa. Alimtazama Annah muda mrefu, akipima kama anaweza kumwambia.

"Zamani ilikuwa ya wageni," akasema. "Sasa ni ya kweli."

"Nani kasema?"

"Tantine Lillian. Leo alikuja, tulikuwa tunakunywa uji. Alisema baba amekufa kule kwa polisi. Alisema nisilie mbele ya huyu mama, nilishalia ya kutosha."

Annah alikaa na Usumani baada ya jua kupanda. Aliondoka pale akimwacha anafuta machozi kwa shati, mzima, mwenye hasira, anayeuliza maswali mengi kuliko anayemhoji. Na wakati huo tayari tanzia yake ilikuwa imeshafikishwa hapa, pamoja na uji. Lisemwalo lipo, wahenga walisema. Kama halipo, laja. Mtu hawezi kutangaza kifo cha aliye hai ila awe anajua kinakotoka.

"Nisikilize," akamwambia mtoto, akamshika mabega. "Baba yako hajafa. Nimeongea naye leo, baada ya uji wako. Amenigombeza."

"Amekugombeza?"

"Sana."

"Kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Hapo ndipo uso wa Iradukunda ulipokunjamana, na kilio kilichotoka kilikuwa cha mtoto wa miaka tisa, si cha jukwaani. Alimwangukia Annah kifuani. Yule bibi aliinuka kitini, mkono mdomoni, akiuliza kwa Kifaransa mtoto ana nini, mmemwambia nini, na Annah hakumjibu. Kwa mkono mmoja alikuwa amemkumbatia mtoto, kwa mkono wa pili anatafuta namba ya Mugenzi.

Simu iliita muda mrefu.

"Afande."

"Usumani yuko wapi?"

"Yuko hapa. Ameshaswali, amekaa. Anauliza kila saa kama umempata mtoto."

"Kuna mtu amekuja kumwona?"

"Hakuna. Labda yule dereva wa shule, Régis. Alileta chakula cha mchana, akaondoka. Watu wema wale, afande. Mtu kawaharibia jina, na bado wanamlisha."

"Amekula?"

"Hajagusa."

Annah akafumba macho, akashusha pumzi ndefu mpaka mtoto akainua kichwa kumtazama. "Asante Mungu. Sikiliza vizuri, Mugenzi. Kifunike chakula hicho, kiweke mahali, mtu asikiguse. Kiende maabara sasa hivi. Umenielewa?"

Annah alimsikia Mugenzi anavuta pumzi, kwa shida kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Afande, kimekwisha."

"Kimekwisha vipi?"

"Yeye amefunga. Leo Alhamisi, anasema kila Alhamisi anafunga. Akaniambia, mdogo wangu, chakula cha mtu hakirudishwi kikiwa moto, umekaa na mimi tangu asubuhi, kula wewe. Ningekataaje?" Akajaribu kucheka. "Isombe ya majani ya muhogo na samaki. Tamu tu, ila uchungu kwa mbali. Afande, leo kuna joto, au ni mimi?"

Annah alikuwa ameshasimama. "Nani yuko karibu nawe?"

"Wenzangu wametoka kula."

"Mfungulie Usumani."

"Afande, mshukiwa…"

"Si mshukiwa! Mfungulie mlango, mwambie akubebe akutoe barabarani, asimamishe gari lolote, mwende hospitali. Fanya sasa. Mugenzi, usikae chini. Unanisikia? Usikae chini!"

"Nakusikia," Mugenzi akasema, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayezungumza akiwa tayari na kichwa kwenye mto. "Nimeshakaa."

Annah akasikia mlio wa funguo zikitolewa mfukoni, kisha zikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Simu nayo ikaanguka. Baada ya hapo aliyekuwa anaongea ni Usumani peke yake, kwa mbali, nyuma ya nondo, akigonga mlango kwa viganja na kuita: "Kijana! We kijana! Zisukume huku hizo funguo! Kijana, amka!"